Mjadala: Gemu za mpira na fantasi kwa watoto, ruksa au marufuku?

Wakuu, tuliweke hili mezani. Shule zikifungwa tu, malalamiko ni yale yale: watoto wamehamia kwenye vibanda vya gemu, wakirudi nyumbani ni fantasi kwenye simu ya mama. Wapo wanaotaka vibanda vifungwe na simu zifichwe. Mimi sipo upande huo. Mtoto acheze, ila siku pesa ikiingia kwenye mchezo nachomoa waya mwenyewe.

Nianze na fantasi, maana inasingiziwa mno. Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambako wachezaji uliowachagua wa Ligi Kuu ya England wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi, kujiunga ni bure. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unasajili wachezaji 15, wasizidi watatu kutoka timu moja. Msimu wa 2024/25 Haaland alianza na bei ya milioni 15 na Salah milioni 12.5. Mtoto wa darasa la sita akiwataka wote wawili, anabaki na milioni 72.5 za kusajili watu 13. Hapo lazima ashike kalamu, agawanye, atafute beki wa milioni nne ambaye walau anaanza mechi. Desimali alizozikimbia darasani anazikokotoa bila kiboko. (Na aliyemwacha Salah msimu ule pole yake, jamaa alimaliza na pointi 344, rekodi ya mchezo huo.)

Gemu za kwenye skrini ndizo zenye utata. EA Sports FC, ambayo hadi 2023 ilikuwa inatoka kwa jina la FIFA, toleo lake la FC 25 lilipewa alama ya umri wa miaka 3 kwenye nchi nyingi za Ulaya, yaani hata wa miaka mitatu linamfaa. Mitatu! Lakini ndani yake mna Ultimate Team, sehemu ya kujijengea kikosi, ambako unaweza kununua pakiti za wachezaji kwa hela halisi bila kujua ndani kuna nani. Unalipa ukimwota Mbappé, unafungua unakutana na kipa usiyewahi kumsikia. Ubelgiji mwaka 2018 walitamka kwamba pakiti za namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuwauzia pointi za kuzinunulia. Uholanzi wakaipiga faini ya jumla ya euro milioni 10, kisha mahakama ikaifuta 2022. Yaani hata huko kwenye sheria nene hawajaelewana.

Huku kwetu pakiti si kidonda kikubwa, vibandani wengi wanacheza bila hata intaneti. Kidonda chetu ni "anayefungwa analipa". Watoto wawili wanashika pedi za gemu, mechi ikiisha aliyefungwa anatoa hela ya mechi, mshindi habanduki kwenye kiti. Aliyefungwa anataka kulipiza, hela ya daftari inatoka mfukoni. Jirani na kibanda kuna dubwi, ile mashine ya kamari, mbele kidogo wakubwa wanasuka mikeka ya kubeti. Sheria inasema kubeti ni miaka 18 kwenda juu. Aliyezoea kuwekea hela matokeo akiwa na miaka 11, hiyo 18 ataisubiri?

Leteni hoja.

Beki Mstaafu: Mkuu, hapo umekoleza chumvi. Sisi tulicheza gololi, ukishinda unabeba zote, na wengi wetu hata mkeka hatujui unasukwaje. Kibandani kiti kimoja, watoto kumi, lazima pawe na utaratibu wa nani anyanyuke. Kinachoniuma mimi ni kiwanja. Pale tulipopigia chandimu sasa hivi ni fremu za maduka mwanzo mwisho. Haya, umemtoa mtoto kibandani, unampeleka wapi?

Mama Pacha: Nyie mnahangaika na vibanda, kwangu simu ndiyo kibanda. Wanangu wapo kwenye ligi ya fantasi ya darasa lao. Juzi nasikia kila mmoja amechanga elfu moja, atakayeongoza mwisho wa msimu anaondoka na mzigo wote. Nikauliza nani mweka hazina, nikaambiwa ni monita. Sasa hiyo bure mnayoisema iko wapi?

Mleta mada: Mama Pacha, hiyo ndiyo pesa ninayoikataa. Ligi ibaki, hela zirudi kwa wenyewe, na anayeongoza wazazi tuchange tumnunulie mpira. Beki, nakuunga mkono kwenye kiwanja, hilo tungelipeleka serikali ya mtaa kabla fremu hazijafika kwenye kipande kilichobaki. Ila gololi hapana. Zile zilikuwa zinazunguka kwenu wenyewe, leo unaliwa kesho unakula. Hapa ashinde nani afungwe nani, anayekula kila mechi ni mwenye kibanda, na hana haraka ya kuuliza hela imetoka wapi. Najua baadhi yenu wenye vibanda mnasoma hapa. Akija mwanafunzi na sare saa nne asubuhi, siku ya shule, unampa pedi au unamrudisha?