Mrejesho: Uinjinia wa utafiti na urubani kwa pamoja

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama mwenye digrii ya uinjinia mitambo anaweza kufanya utafiti na urubani bila kuacha kimoja. Asanteni mlionisisitizia nipime medikali daraja la kwanza (kipimo cha afya cha marubani wa kibiashara) kabla ya kulipa ada, nimepima nimepita, na nimeshaanza kuruka na kindege cha mafunzo, Cessna 172, mwalimu akishika usukani mi naandika kidaftarini spidi na joto la oili maana ndo data ninayoipenda. CPL (leseni ya rubani wa kibiashara) inataka masaa 200 ya kuruka, au 150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa, masters itafuata. Na aliyenitajia Neil Armstrong, yule wa kwanza kukanyaga mwezini, umenipa moyo mno kaka, jamaa injinia, karusha X-15 (ndege ya utafiti ya roketi) mara 7, baadaye akafundisha uinjinia wa anga chuo kikuu Cincinnati. Masaa 1500 ya ATPL (leseni ya juu kabisa ya rubani) ntayatafuta nikiwa kazini.