Naomba ushauri: kitambaa cha blanketi kubwa la viraka

Wapendwa, nataka kushona blanketi la viraka la sentimita 240 kwa 260. Kila kiraka kikishashonwa kibaki sentimita 20, kwa hiyo ni viraka 156. Nakata 21.5 ili kuacha nafasi ya mshono. Rangi ni tano, yaani viraka 32 kwa kila rangi.

Kinachoniumiza kichwa ni upana. Kitambaa cha sentimita 110 kinatoa viraka vitano kwa mstari, tena kwa kubanana. Mistari saba, mita 1.5 na ushee kwa kila rangi. Lakini pamba hurudi ikifuliwa! Upana ukipungua sentimita 3 tu, kiraka cha tano hakipatikani, na mistari inakuwa minane. Je, mnafua kwanza ndipo mnakata, au ninunue mita 2 kila rangi nilale usingizi?

Bitana nayo, nikiacha sentimita 10 za ziada kila upande: vipande vitatu vikisimama vinakula mita 8.4, vikilazwa 7.8. Naelekea kulaza. Kuna aliyejaribu, mishono ya kukatiza haichukizi macho?