Naomba ushauri: moyo unanisukuma, hofu inanizuia

Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mnishauri, hasa mlio katika huduma.

Mimi ni mama, naishi Likoni, Mombasa, na ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kwa muda mrefu sasa Mungu ameniwekea moyoni vijana wanaotumia unga, yaani dawa za kulevya. Jioni nikishuka kivukoni nawaona: mwingine amesinzia akiwa wima, magoti yamekunjika, chupa ya maji bado mkononi. Watu huwaita mateja na kuwapita. Mimi kuwapita kumenishinda, nafika nyumbani nikilia.

Nimeomba, nimefunga. Mchungaji aliniambia nisubiri uthibitisho. Mume wangu hakatai, ila anauliza karo ya watoto italipwa na nani nikipunguza kazi, na swali lake ni la haki. Kinachonitisha zaidi ni maskani yenyewe, pale wanapokutania kuvuta: visu, msako wa polisi, na maneno ya watu wakimwona mke wa mtu pale. Yeremia naye alijitetea kuwa ni mtoto, hajui kusema, lakini Mungu hakumwondolea kazi, alimwahidi tu kuwa pamoja naye. Hilo naliamini kabisa, na bado miguu haiendi.

Mliopitia haya, mlianza mkiwa na hofu au mlingoja iondoke kwanza? Na mwanamke aanzie wapi kwa usalama, aende na nani, siku ya kwanza afanye nini? Niambieni wazi, hata kama ni kunikataza.