Neno gani la ufundi liliwahi kukuumbua? Tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mwenyewe. Nimetoka chuo na diploma ya elektroniki, naingia kibanda cha fundi simu Kariakoo. Siku ya kwanza fundi ananirushia bodi: "Hii ina shoti. Tafuta kondensa inayokula moto." Kondensa niliyoijua mimi ni ya friji! Na huo moto nikawa nautafuta kwa macho, nikidhani kuna palipoungua.

Akanihurumia. Akaweka mita kwenye mlio, ncha nyeusi ikakaa ethi (upande hasi wa bodi), nyekundu akawa anagusagusa: kimya, kimya, piiii, yaani hapo pana shoti. Shida ni kwamba laini moja ya umeme ina kondensa nyingi, na mojawapo ikipiga shoti zote zinalia. Akapaka spiriti, akaingiza volti 1 tu kutoka pawa saplai. Spiriti ikaanza kukauka juu ya kitu kimoja kidogo kuliko punje ya mtama. "Mwizi huyo." Kumbe kondensa ndiyo ile kapasita, kile kipande cha kutunza chaji, niliyoikariri miaka mitatu, na moto ni umeme wenyewe.

Mwana wa Nairobi: Sisi shuleni kompyuta ilikuwa tarakilishi na laptop kipakatalishi, na alama nilipata. Nikaenda Luthuli Avenue, nikasema, "Naomba chaja ya kipakatalishi." Muuzaji akamwita mwenzake: "Kuja usikie huyu!" Chaja nilipata, ila kwa bei ya mgeni.

Babu Redio: Afadhali yako. Kuna walioiita kompyuta ngamizi. Nani awashe kitu chenye harufu ya maangamizi?

Dada wa Temeke: TV ya analojia ilipozimwa Dar, 31 Desemba 2012, bibi akaambiwa bila king'amuzi hakuna taarifa ya habari. Akauliza kama kitamng'amua na aliyemwibia kuku. Sasa tunaambiwa tuseme kisimbuzi. Bibi amekataa, na mimi nipo upande wake.

Mwalimu wa Saketi: Kwangu shida ni rangi za rezista, ile mistari inayoonyesha inazuia umeme kwa omu ngapi. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000, sawa. Lakini kahawia wengine wanaijua kama hudhurungi, wengine rangi ya udongo. Rangi ya chungwa ndiyo balaa, maana wapo ambao nyumbani kwao hiyo nayo ni nyekundu tu. Kijana mmoja nilimwagiza nyekundu tatu, yaani omu 2,200. Akachukua nyekundu mbili na chungwa, omu 22,000. Taa yake ikawaka kama inakata roho, naye akakaa nusu saa anabadilisha betri.

Mleta mada: Hahaha! Mwalimu, ulimsaidiaje?

Mwalimu wa Saketi: Nilimpa mita. Akasoma, akanitazama, akasema, "Mwalimu, hii nyekundu yako imepauka."