Madaktari wa upasuaji mliozaa mkiwa masomoni, mliwezaje?

kisukidogo:
Habari wakuu. Niko MMed (uzamili wa udaktari) ya upasuaji mwaka wa pili, umri 32, nimeolewa mwaka juzi. Nina kijiti cha uzazi wa mpango mkononi na muda wake unakaribia kuisha, mume ameanza kuuliza kwa upole, mama mkwe yeye hana upole. Kitengoni kwetu wanawake tunahesabika, na dada mmoja alivyobeba mimba bosi alimwambia mbele ya watu kwenye raundi "hapa tunafundisha upasuaji sio malezi". Sasa niweke kijiti kingine nimalize mitihani kwanza au nitoe tu? Nikimaliza nitakuwa 34 na bado nautaka ubobezi. Wanaume tafadhali msije na "Mungu atapanga".

mama_pacha:
Toa mdogo wangu. Mimi nilisubiri nimalize, nikasubiri ajira, nikasubiri kuthibitishwa kazini, ndo nikaanza kutafuta, mimba ya kwanza ikatoka na kesho yake nilikuwa thieta, chumba cha upasuaji, maana hakuna aliyejua. Na sio mimi tu, kuna utafiti wa Marekani ulitoka kwenye jarida la JAMA Surgery 2021, kati ya madaktari wa upasuaji wanawake walioulizwa asilimia 42 walishawahi kupoteza mimba, zaidi ya mara mbili ya wanawake wengine wa umri wao. Tena waliokuwa wanapasua saa 12 au zaidi kwa wiki miezi mitatu ya mwisho ndo walipata matatizo makubwa zaidi. Kwa wiki jamani! Huku kwetu saa 12 zinaisha Jumatatu.

fundi_mifupa:
Mimi ni wa mifupa, niongeze la kazi yenyewe. Ukijijua una mimba mwambie anayesimamia mionzi SIKU HIYO, usisubiri tumbo lionekane. Kikomo cha mionzi kwa mtoto tumboni ni milisiveti 1 kwa muda wote wa mimba uliobaki, kwa hiyo omba kipimo cha pili cha mionzi ukivae kiunoni chini ya eproni ya madini ya risasi, na mashine ikipiga picha rudi nyuma, ukiongeza umbali mara mbili mionzi inabaki robo. Na kama thieta yenu bado mnatumia halothane, ile gesi ya usingizi, na hewa haitolewi vizuri, hiyo piga nayo kelele. Soksi za kubana vaa kabla hujatoka kitandani, ukiamka miguu ishavimba hazipandi. Kesi ndefu omba stuli, hakuna mgonjwa aliyekufa kwa sababu daktari amekaa.

bingwa_mstaafu:
Natofautiana kidogo na mama_pacha. Binti, kama mitihani ya mwisho iko karibu, miezi michache haitakuharibia kitu ukiwa 32, miaka mitano ndio itakuharibia. Na kwa kuwa ni kijiti una bahati, kikitolewa uzazi hurudi upesi. Wale wa sindano ya miezi mitatu ndio husubiri, wengine karibu mwaka. Anza vidonge vya folic acid sasa hivi, usingoje kipimo kionyeshe mistari miwili.

mume_wa_dokta:
Najua umesema wanaume tunyamaze ila mke wangu ni wa upasuaji. Sheria yetu Tanzania inampa mama likizo ya uzazi siku 84, mapacha 100, baba siku 3 😂 mimi nilichukua likizo yangu ya mwaka yote. Akirudi kazini ana haki ya masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha lakini nani atakupa masaa mawili katikati ya listi ya wagonjwa wa kupasuliwa? Alikuwa anakamua kwenye stoo ya mashuka, friji anaazima ya wodi, kachupa kameandikwa jina kwa plasta. Kubalianeni mapema nani anaamka usiku akiwa ametoka zamu.

kisukidogo:
Asanteni. Dokta bingwa mtihani ni mwakani. Ila swali, mimi nalipiwa na mwajiri huku ni mwanafunzi, likizo naomba kwa nani?

mama_pacha:
Kote kuwili, hapo ndo wengi wanakwama. Mwajiri unamwandikia angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Chuo hawana habari na likizo ya mwajiri, kule unaomba kuahirisha masomo, usipoomba wanakuhesabia umetoroka rotesheni, yaani zamu zako za mafunzo wodini. Na zamu za usiku, sheria inakutoa miezi miwili kabla ya kujifungua, ila usiende na sheria mkononi, nenda na ratiba ambayo umeshabadilishana na wenzako, bosi abaki kusaini tu. Chukua zamu nyingi mwanzoni, wadai mwishoni.

fundi_mifupa:
Na hayo makubaliano yaandike kwenye grupu la WhatsApp. Watu wana usahaulifu mimba ikifika mwezi wa nane.