ENC si ANC jameni! Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia pale Luthuli

Wadau, naandika nikiwa na hasira ya wiki tatu, kwa sababu ya hedifoni nilizouziwa Luthuli Avenue, Nairobi, kwa hiyo mnisamehe nikipayuka. Wasimamizi, jina la duka sijataja na la kampuni sijataja, basi uzi uacheni.

Kazi yangu ni kunukuu. Naletewa rekodi za mahojiano, nazigeuza maandishi neno kwa neno, nalipwa kwa dakika ya sauti. Dakika moja ya mtu anayeongea taratibu humaliza dakika nne zangu. Akiongea huku anatafuna, hesabu mwenyewe. Hedifoni kwangu ni jembe. Zile za zamani zilikuwa zimekufa upande mmoja, waya umekatikia ndani karibu na plagi, mnaijua hali ile ya kuukunja waya na kuushikilia kwa kidole gumba ndipo sikio la kushoto lipate kitu. Nikachoka. Nikaweka shilingi 7,000 kando, nikashuka mjini.

Luthuli Avenue imepewa jina la Albert Luthuli, yule wa Afrika Kusini aliyepewa Nobeli ya Amani ya 1960. Amani yangu mimi iliishia hapo.

Kijana wa dukani alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. "Siste, karibu, sema tu unataka nini." Nikamwambia nataka hedifoni za kazi, za kukata kelele, maana nakaa Umoja na nyumba yangu inatazama barabara. Akatoa boksi jeusi lenye herufi za dhahabu: ENC, besi ya kutikisa, chaji ya saa 60. Nikamuuliza mara mbili kama kweli zinakata kelele. "Zinakata yote, siste. Hata matatu ikipiga muziki vipi, wewe uko kwako."

Akanivalisha, akaweka wimbo kwa simu yake. Sasa fikirieni mahali penyewe: mlangoni kuna spika mbili kubwa kama jokofu zinashindana na za duka jirani, nyuma mtu anajaribu subwoofer, na mimi ndiyo napima ubora wa sauti. Kitu pekee kinachoweza kupenya kelele ile ni besi. Nikasikia mdundo hadi kwenye meno nikaona, eh, hizi kali. Nikatuma 6,800 kwa M-Pesa. Ile meseji bado ninayo.

Nilianzia kwenye matatu ya kurudi nyumbani. Foleni ya Jogoo Road imeshika kama kawaida, nikavaa, nikabonyeza kitufe, nikangoja kimya. Kimya gani! Konda anagonga bodi, injini inanguruma chini ya kiti, mama wa kiti cha mbele anamgombeza mtu kwa simu kuhusu deposit ya nyumba, na nilisikia kila kitu mpaka kiasi cha deposit. Kilichopungua ni kile kidogo ambacho pedi yoyote ya kuziba sikio ingepunguza. Hata viganja vyangu vingefanya.

Usiku nikakaa na boksi na intaneti, ndipo nikajua nilivyoliwa. Zile herufi ENC hazihusiani na masikio yangu hata kidogo. Ni kazi ya maiki: ukipiga simu, inapunguza kelele za upande wako ili yule wa upande wa pili akusikie wewe. Ya kukukatia wewe kelele inaitwa ANC. Hiyo ina maiki ndogo zinazosikiliza sauti ya nje, halafu mtambo unatengeneza wimbi lililogeuzwa kinyume na lile la nje, mawili yakikutana yanauana. Na hata hiyo hushinda zaidi ngurumo nzito isiyobadilika, kama ya ndege au jenereta. Sauti za watu na honi za ghafla hupenya. Kwa hiyo "inakata yote" ilikuwa uongo mara mbili. Herufi moja tu, E badala ya A, na ukiangalia boksi utaona hiyo E imeandikwa kubwa kuliko jina la kampuni.

Haya, nikasema potelea mbali kelele, angalau sauti. Hapo ndipo nilipotaka kulia.

Nilikuwa na rekodi ya dakika 52, seremala mmoja anahojiwa kuhusu biashara yake. Nikaandika: "Samani ya mbao imepanda mno." Nikasonga mbele. Baadaye mzee anaendelea kusema haiendani na bei anayouzia, nikashtuka, hii sentensi haina kichwa wala miguu. Nikarudisha nyuma mara sita. Samani. Samani. Mara ya saba nikawasha spika ndogo za laptopu, zile za ndani kabisa, mbovu, sauti kama nyuki kwenye kopo. Thamani! Mzee alisema thamani, wazi kabisa, na ulimi katikati ya meno.

Mbaya zaidi ilikuja dakika ya 30 na kitu. Yule fundi "alipiga" au "alipigwa"? Kwa Kiswahili hiyo w moja ndiyo inayoamua nani alale kituo cha polisi. Kwenye hedifoni za 6,800 ile w ilikuwa imemezwa na ngurumo ya lori lililopita nje ya karakana, maana besi yao inalichukua lori na kulileta mbele kabisa kama mgeni rasmi, na mzee wa watu anaongea kutoka nyuma ya pazia.

Nimejifunza baadaye kwamba hedifoni nyingi za kuuzwa haraka hupikwa hivyo makusudi. Wanapandisha besi, wanapandisha kidogo ile michirizi ya juu, katikati wanapashusha, kwa sababu mtu akijaribu dukani kwa sekunde 20 besi ndiyo inamshika. Lakini maneno ya binadamu yamelala hapo katikati. Simu ya mezani ilikuwa ikipitisha Hertz (mitetemo kwa sekunde) 300 mpaka 3,400 tu, besi hakuna, na watu walichumbiana, wakapatana mahari na wakatapeliana kwa hiyo hiyo bila kupotezana. Masikio yanasikia kuanzia Hertz 20 mpaka 20,000, na boksi langu limeandika hivyo hivyo kwa majivuno. Kufika huko si kazi. Swali ni sauti umeigawanya vipi.

Na gitaa je? Jumapili nilijaribu kujituliza na benga. Benga bila gitaa ya juu inayochekacheka ni nini? Nilipata besi inapiga ukuta na gitaa iko chumba cha pili.

La simu nitalitaja harakaharaka. Ukiwasha maiki kwa mkutano wa mtandaoni, Bluetooth inahamia hali ya mazungumzo na sauti yote inakuwa ya mtu aliye ndani ya mtungi. Hilo ni tatizo la Bluetooth ya kawaida, siwalaumu wao peke yao. Lakini kwenye boksi wameandika "kwa mikutano".

Siku ya nne nikarudi dukani na boksi, risiti, hata ile karatasi laini ya kufungia. Kijana yule yule. Sasa mimi si siste tena, nimekuwa "madam". "Madam, hizi hazina shida, zinalia." Nikamwambia sikusema hazilii, nimesema uliniambia zinakata kelele. Akaonyesha kidole ukutani: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikaomba mwenye duka, nikaambiwa yuko safarini. Nikaomba basi nibadilishiwe na nyingine niongeze pesa, akasema boksi limeshafunguliwa. Sasa nilitakiwa nisikilize kwa nje ya boksi?

Kwa wanaosema kibao cha ukutani ni sheria: hapana. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya maelezo yanayohitajika ili afaidi alichonunua, na fidia akipata hasara. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa. Na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai mpaka shilingi milioni moja, bila kulazimika kuwa na wakili. Nimeshaandika barua ya madai. Hata nikitumia nauli kubwa kuliko nitakachopata, acha iwe.

Sasa sehemu ya furaha, maana hata mwenye hasira hupikiwa.

Ghorofa ya juu yangu anaishi mzee aliyestaafu kazi ya kurekodi sauti. Tulikutana kwenye ngazi, akaniuliza mbona siku hizi nasikika nikigomba peke yangu usiku. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Binti yangu, ulienda kutafuta maneno kwa muuza ngoma." Akaniingiza sebuleni kwa mama watoto wake, tukanywa chai, akachomoa kutoka chini ya meza kitu kimezungushiwa waya wa mikunjo kama wa simu ya mezani.

Sony MDR-7506. Zilitoka 1991 na bado zinatengenezwa mpaka leo, umbo lile lile. Zina mstari wa buluu, plagi ya kawaida, na ile plagi kubwa ya studio unaifungua kwa kuizungusha kama kizibo. Bluetooth hakuna, chaji hakuna, kitufe hakuna hata kimoja. Pedi za masikio zilikuwa zimeoza, zinabanduka vipande vyeusi. Nilipozivua shavu langu lilikuwa kama nimetoka kupuliza jiko la mkaa, mama akaniletea kitambaa huku anamgombeza mzee kwa kunivalisha uchafu.

Lakini nilikuwa nimeshasikia. Nilichomeka kwa laptopu hapo hapo, nikaenda moja kwa moja kwa seremala wangu. "Alipigwa." Ile w imesimama wima. Nyuma ya sauti yake nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia hata mara moja katika zile mara sita: randa inapita kwenye mbao, na mtoto anauliza kama chakula kiko tayari. Lori lilikuwepo pia, mbali, barabarani kwake linapostahili kuwa.

Mzee aliniachia kwa 4,500 kwa sababu hazitumii tena. Pedi mpya nilinunua 900, nikazivalisha mwenyewe kwa mgongo wa kijiko, dakika 20 za matusi. Jumla 5,400. Hazikati kelele ya barabara kwa mtambo wowote, ila zinaziba sikio vizuri kuliko zile za ENC. Kasoro zipo: waya ni mzito na unavuta kikombe cha chai mezani (umeshafanya hivyo mara moja), na kwa mtu anayetaka kutikiswa kichwa zitaonekana kavu. Kwenye matatu siwezi kuzivaa, nitaonekana rubani.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Kwa wanaoniambia "ungesoma kwanza", nimeshakiri sikusoma. Lakini niliuliza, mara mbili, nikajibiwa na mtu anayeuza kitu hicho kila siku. Kwa yule aliyeuliza kama nitumie programu ya kusawazisha sauti nishushe besi: nilijaribu siku ya pili. Nilishusha mpaka chini, sauti ikawa nyembamba lakini matope yakabaki pale pale.

NYONGEZA YA PILI: Duka limenipigia baada ya kupata barua. Wananipa 3,000 nirudishe hedifoni. Nimekataa. Kuna mdau ameniandikia faraghani anataka kuzinunua, ana mtoto wa kucheza gemu. Nimemwambia zinanguruma vizuri sana, kelele hazikati, na E si A. Anasema atakuja Jumamosi azijaribu kwanza, na nimemwomba aje na rekodi ya mtu anayeongea.