Vipande vidogo vya plastiki mchangani vinatolewaje?

mchanga_safi: Wadau, hamjambo. Ufuo wetu ni wa mchanga, hapa upande wa Kisumu. Chupa tunaokota zikaisha. Kinachotushinda ni vipande vidogo kama punje za mahindi: vifuniko vilivyovunjika, povu jeupe la masanduku, nyuzi za nyavu. Tukipitisha reki vinazama, na omena, wale dagaa wetu, wakianikwa vinanata humo humo. Tufanyeje? Na mbona mvua ya usiku mmoja inarudisha kila kitu?

chekeche5: Wekeni reki kando kwanza. Plastiki iliyokaa juani inakuwa kama kaukau, meno ya reki yanaivunja na kuifukia.

Msichekeche ufuo mzima, mtachoka bure. Fuateni ule mstari wa majani na magugu maji yaliyoachwa na mawimbi. Vinavyoelea hutua hapo. Kwangueni sentimita 5 za juu tu, anikeni mchanga kwenye turubai ukauke kabisa, kisha chekecheni kwa waya wa matundu ya milimita 5. Mchanga mbichi huziba matundu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Kinachobaki juu ya waya kitieni kwenye karai la maji. Povu, vifuniko na vipande vya mifuko vitaelea pamoja na vijiti. Kagueni chini pia: nailoni ya nyavu na vipande vya chupa za soda ni vizito kuliko maji, huzama na kujificha kati ya makombe ya konokono. Mchanga safi urudi ulikotoka.

mto_auji: Kuhusu mvua: marufuku ya plastiki ya Agosti 2017 hapa Kenya iligusa mifuko ya kubebea, chupa haikuzigusa. Zinalala mitaroni hadi maji yazisombe. Tegeni kizuizi mtoni: madumu matupu yaliyofungwa vizuri, yaungwe kwa kamba, chini yake wavu unaoning'inia sentimita 40. Kikae mshazari ili taka ziteleze hadi ukingoni. Kikikata mto moja kwa moja, taka hurundikana katikati na kupita chini. Kamba ilegee kidogo, la sivyo maji yakipanda kizuizi kinazama. Kitoeni taka kila baada ya mvua.

mchanga_safi: Asanteni sana. Na saa nzuri ya kuokota?

mto_auji: Alfajiri. Upepo wa ziwani huvuma kuja nchi kavu mchana, ukaleta taka na kuzifunika mchanga.

chekeche5: Omena waanikeni kwenye vichanja vya wavu, kimo cha mita 1. Na tafadhali msichome mlichookota, moshi wake ni sumu.